Ndege Iliyopitiliza Jangwani

Kuna asubuhi moja ya wakati wa korona ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni, pale Guildford, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nesi alinipa maagizo kuhusu mama mmoja aliyeletwa jana yake. Alisema haraka, kavaa barakoa na kioo cha uso, nami nikashika nusu. Nikaitikia, "Yes, yes." Niliona aibu kumwomba arudie, maana wiki ile nilishamwomba mara mbili.

Nikachukua chai ya yule mama. Katika chumba cha jirani alikaa mzee Ron. Familia yake haikuruhusiwa kumtembelea siku zile, kwa hiyo kila apitaye alikuwa mgeni wake. Mlango wake ulikuwa wazi, akawa amenisikia nikimwitikia nesi.

"Furaha, nesi amekuambia nini?"

Nikacheka chini ya barakoa. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wakati wa vita kaka yake alikuwa kwenye ndege ya mabomu. Wakati wa kurudi ilipita juu ya kituo chake gizani bila kujua, ikaendelea jangwani mpaka mafuta yakaisha. Ilikutwa mchangani miaka mingi baadaye, redio yake nzima kabisa.

"Mama yetu alikufa akijiuliza kwa nini hawakuuliza njia tena," alisema. "Hakuna ajuaye. Huenda waliona aibu, huenda walijiamini mno. Lakini nesi wako yuko hapo koridoni. Rudi!"

Nilichukia kidogo, nisikufiche. Nikarudi hivyo hivyo, nikamwomba nesi arudie. Nesi alipoiona ile chai, macho yalimtoka. Yule mama hakuweza kumeza kitu chepesi. Kila kinywaji kilitakiwa kutiwa unga wa kukifanya kizito, la sivyo angepaliwa. Hakunigombeza. Alinionyesha kopo la unga, akasema, "Asante kwa kuuliza."

Yule mama akanywa chai iliyotiwa unga yote, akaomba nyingine.

Leo wageni wa kazi wananiuliza mimi, nami nafurahi. Wewe unaanza kazi kama hii Jumatatu kule Parramatta, na Kiingereza unakijua kunishinda. Bado utaambiwa mambo usiyoyashika. Uliza, mwanangu. Wakikunja uso, uliza tena, maana aibu hiyo itakwisha kabla ya zamu kwisha. Mungu akupe wakubwa wenye subira, abariki mikono yako, na akurudishe nyumbani kila jioni na moyo mweupe.