Kila Baada ya Saa Nane

Mimi si mkalimani, jamani. Mimi nafagia. Kazi niliyoajiriwa kituo cha afya, huku vilimani Kondoa, ni ufagio, ndoo na dawa ya kudekia. Ila madaktari wanaletwa kutoka Mbeya, Mara, sijui wapi, na akina mama wengine wa vijijini wana Kirangi tu, Kiswahili hawakisikii. Basi miaka kumi na moja sasa kila siku utasikia, "Kuluthumu! Acha ufagio, njoo utusemee!" Naacha, nawasemea. Na nilikuwa najisifu, nisiseme uongo. Mdomo ninao.

Mwezi wa tano akaja Debora, binti anayesomea ukalimani chuo kikuu Dodoma. Nikacheka: kumbe kazi yangu ya bure ina digrii! Akasema anafanya utafiti wa watu kama mimi, wanaotafsiri hospitalini bila kusomea. Wagonjwa wakaombwa ridhaa, akaweka kinasa sauti mezani wiki nzima, akarudi zake Dodoma, mtaa wa Ipagala alikopanga.

Wiki tatu baadaye nadeki wodi, simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Naandika yale mazungumzo, kuna mahali nimekwama. Yule dada wa kifafa. Daktari alisema, 'Ameze kidonge kimoja kila baada ya saa nane.' Wewe kwa Kirangi ulisemaje?"

"Marahaba. Si hivyo hivyo? Kila siku, ikishapita saa nane mchana, ameze kimoja."

"Mama, hii data nzuri sana!" Akacheka kwa furaha. "Daktari alikuwa anahesabu masaa manane. Yaani mara tatu kwa siku. Wewe ukasikia saa nane ya mchana, saa ya..." Akajikatiza mwenyewe. Nikamsikia anavuta pumzi. "Mama. Ina maana mpaka leo anameza kimoja?"

Nyie! Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya kudekia. Huyo dada ni Nasra, ana mtoto mchanga, na anapikia mafiga. Daktari alimwonya kwa ukali kwamba dozi ikipungua ataanguka, na akiangukia motoni ndiyo basi. Hilo nililisema vizuri kabisa.

"Nilisaini fomu," Debora akawa analia. "Sitakiwi kutoa siri ya mgonjwa wala kumfuata."

"Baki na fomu yako. Mimi kwao napajua."

"Subiri, mama. Nampigia daktari sasa hivi. Wakinifukuza chuo, wanifukuze."

Nikapanda bodaboda na gauni limelowa. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu siku hiyo nilitamani uning'oke. Nimeua mtu, nikawa nawaza, nimeua mtu na nilikuwa nasimama pale kama mwalimu. Kijana wa boda akaniuliza kama naumwa, nikamwambia aendeshe, aache maswali. Tulipokaribia nikaona wanaume wamekaa uani, wengi, wameinamisha vichwa. Nikapiga ukelele. Nilijua ni matanga. Kumbe wanapukuchua mahindi, wakainua vichwa kunishangaa.

Mama yake Nasra, Mwanahawa, akatoka mbio kunipokea. Alinikumbatia. Akaniita msemaji wao, akamtuma mtu alete kigoda. Nasra alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa khanga mpaka kwenye kiwiko. Alianguka Ijumaa. Mkono ukaingia motoni. Mtoto, alhamdulillah, alikuwa amebebwa na bibi yake. Harufu ya kidonda ilinifikia mlangoni.

"Sijui tumekosea wapi," Mwanahawa akasema. "Tumefuata ulivyosema, dada. Nachungulia jua, saa nane ikipita tu nampa. Hata siku moja hatujaruka."

Ningeweza kusema daktari amebadilisha dawa. Neno lilikuja mdomoni, walahi, likakaa pale tayari. Nilikuwa namwogopa huyu mwanamke mwembamba kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Kisha nikasema. Nikasema ni mara tatu, siyo mara moja, na kwamba daktari hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Nikamwambia amfunge mtoto mgongoni, boda inasubiri, Nasra anatakiwa kituoni sasa hivi.

Nilingoja matusi. Kofi pia ningelipokea. Mwanahawa akamfunga mtoto mgongoni, akamsaidia binti yake kuinuka, akamtandia khanga begani vizuri asiguse kile kidonda, akampeleka mpaka kwenye pikipiki. Halafu akarudi, akasimama karibu yangu, akaongea polepole.

"Mwaka juzi, marehemu mume wangu alipolazwa pale kwenu. Aliyemsemea ni wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Ulisema sawasawa?"

Nikaitafuta siku hiyo kichwani. Nilikuwa nimewasemea watu wangapi mwaka ule, mia mbili? Uso wake niliukumbuka. Maneno, hata moja sikulikumbuka.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Walahi, sijui."