Aliyeonja Maji ya Kisima cha Kupimia

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Kibingo. Mimi ni mtu wa kanisa na umri umekwenda. Nikudanganye ili nipate nini?

Kiangazi kile wataalamu walichimba kisima chembamba kando ya migomba yangu. Walisema huenda chini kuna makaa ya mawe, na wapo wanaotaka kuyachoma hukohuko ardhini ili wavune gesi. Basi kwanza wajue maji ya chini yakoje na yanaelekea wapi. Binti mmoja mpole wa maabara aliyavuta, akajaza chupa zake, akaniambia, "Babu, msiyanywe mpaka majibu yatoke."

Lakini chemchemi yetu ilikuwa imekauka, na maji yale yalikuwa maangavu kama machozi. Yaliyobaki kwenye ndoo nikayamimina kwenye dumu niwapelekee wajukuu. Ungekuwa wewe ungeyamwaga?

Jua likizama, akaja mama mmoja aliyejitanda kitenge mpaka usoni, akaomba maji. Kwetu mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajaonja. Nikainua kikombe. Akanishika mkono.

"Leo naonja mimi."

"Mama, wewe ni mgeni."

"Na wewe una haraka kama ndama aliyefunguliwa."

Akapiga funda moja, akalitema. Kisha, niamini, akalisukuma dumu kwa mguu, likamwagika lote.

Nikakasirika. "Mama, unamwaga maji ya wajukuu wangu?"

"Wajukuu wetu," akasema, akacheka.

Kicheko kile nilikisikia nyumbani mwangu tangu ujana mpaka mwaka tuliomzika mke wangu. Nilipomwita, palikuwa na migomba tu.

Majibu yalipotoka, binti yule alirudi na uso mzito. Maji yale yalikuwa na sumu isiyoonekana wala kunusika. Wakakifunga kisima. Mchungaji wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mshukuru Mungu, mzee." Namshukuru. Hadi leo, jioni ikifika, pale mkononi aliponishika huwa baridi, nami sipafuniki.

Wewe unayenisikiliza, maji kuwa maangavu si ushahidi. Ukiambiwa usubiri majibu, subiri. Wangu alinijia, wako huenda asiwahi.