Karanga katika Kahawa ya Baba

Dada yangu hamuulizi mtu kama anataka maziwa kwenye kahawa. Anamuuliza tumbo lake linasemaje leo. Anauliza hivyo hivyo, kitambaa begani, birika mkononi, na wanaume wazima wenye ndevu zao wanamjibu ukweli ambao hata wake zao hawajausikia. Mimi ni mdogo wake, nafanya kazi naye kila siku, na bado sijui anawafanyaje.

Mkahawa wetu uko Rumonge, karibu na soko, kwenye barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Nasema mkahawa kwa heshima tu. Ni baraza la duka la zamani, na meza chache, mabenchi, na majiko ya makaa kwa nyuma. Asubuhi harufu ya ndagala inapanda kutoka ziwani, harufu ya mawese inashuka kutoka upande wa pili, na hapo katikati kahawa ya dada inazishinda zote.

Wenzetu wanaouza kahawa wanaweka kopo la maziwa ya unga mezani, basi, unakunywa au unaondoka. Na mimi nilitaka hivyo hivyo. Dada akakataa katakata. Kwake kuna maziwa ya ng'ombe, ya unga, ya soya, ya karanga, na tui la nazi, kila moja na sufuria yake na kijiko chake, na ole wako uchanganye vijiko. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo wanataka ya unga, nzito, na sukari mpaka mimi naumwa meno nikiwatazama. Mwenye baraza, muzee wa familia za Kiarabu zilizokaa hapa mjini tangu zamani, anataka tui jepesi na hiliki. Kuna mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari anayewekewa soya tupu, na anaisifu kila siku utafikiri ndiyo mara ya kwanza. Kuna hata Wasabato, ambao kahawa hawagusi. Hao dada anawakaangia soya mpaka inakuwa nyeusi, anaisaga, anaitilia maji ya moto, nao wanakaa na wenzao wameshika kikombe kama kila mtu. Nilimwambia huo ni wazimu, nani amewahi kuona mkahawa unaowahangaikia watu wasiokunywa kahawa. Akaendelea kukaanga. Wanakuja mpaka leo, na wanaleta na wageni wao.

Wateja walionichosha mimi ni watu wa milimani, watu wa ng'ombe. Hao maziwa kwao si kitu cha kuchezea. Maziwa hayachemshwi, kwa sababu ng'ombe ataumia. Na mtu aliyekula karanga au njegere hagusi maziwa siku hiyo, mpaka kesho yake, kwa sababu hiyo hiyo: chuchu za ng'ombe zitapata vidonda. Sasa mtu kama huyo anakaa mezani kwako anaagiza kahawa ya maziwa. Utamfanyia nini? Mimi ningemwambia hiyo iko nyumbani kwake. Dada anampelekea kahawa kali katika kikombe kidogo, na maziwa mabichi katika glasi pembeni, anauliza kwa upole kama tangu asubuhi amekula karanga, halafu anamwachia mwenyewe. Nimewaona watu wakimtazama kwa macho yaliyojaa shukrani kwa ajili ya glasi hiyo tu.

Aliyajua hayo kwa sababu baba yetu ni mmoja wao. Baba alikaa maisha yake yote milimani, upande wa Bururi, na mama alipofariki tukamshusha huku ziwani akae nasi. Alishuka na shuka zake, fimbo yake, na huzuni yake. Ng'ombe wake hakushuka. Ni ng'ombe aliyepewa na rafiki yake tangu ujana wao, yaani sasa ni mjukuu wa yule wa kwanza, na huko kwetu ng'ombe wa urafiki ni zaidi ya undugu. Alimwacha kwa huyo huyo rafiki amtunze. Na rafiki, kila akipata nafasi, alikuwa akiamka kabla ya jua, anakamua, anajaza chombo chake cha mti chenye kifuniko cha kusukwa, anakipakata kwenye gari mpaka Rumonge, ili mwenzake anywe maziwa ya ng'ombe wake.

Kumbe tumbo la baba lilikuwa limeanza kuyakataa. Uzee tu, alisema daktari, inatokea, aache maziwa. Aache maziwa! Baba alitoka mle ndani amekunja uso kama mtu aliyeambiwa aache jina lake. Na rafiki yake alipokuja mara iliyofuata, baba alipokea chombo kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru, wakacheka, wakaagana. Jioni tulimkimbiza hospitali. Alilazwa, akawekewa serumu, maji ya mshipani, amekauka midomo, na macho yameingia ndani. Nililia pale kwenye korido mpaka nikaona aibu. Daktari alitwambia waziwazi kwamba kwa umri wake, ikirudi tena hivyo, hawezi kutuahidi kitu.

Mimi nikasema jambo hili lina dawa moja: tumpigie simu yule muzee tumwambie baba hawezi maziwa, aache kuleta. Baba akasikia akiwa kitandani. Aligeuka ukutani, akasema, "Siku mukimwambia, munizike."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa. Kwake, kukataa maziwa ya ng'ombe yule ilikuwa kumkataa aliyemtoa. Angekunywa tena, na angekunywa mpaka tumbo limuue. Nilimuita kichwa ngumu, nikamuita majina mengine pia. Dada akakaa pembeni ya kitanda anamkanda miguu. Nikajua anafikiri, kwa sababu alikuwa amesahau kufunga kitambaa chake.

Tuliporudi nyumbani alianza kumtafutia baba kitu cha kuweka katika kahawa, maana kahawa nyeusi peke yake ilikuwa inamkausha na chakula hakipiti. Ya unga tumbo likaijua mara moja, ni maziwa yale yale yaliyovaa nguo nyingine. Tui la nazi baba alilionja, akasema linanuka nywele za bibi arusi. Soya aliivumilia siku kadhaa, kisha akauliza kama sasa tunamnywesha mchuzi wa maharage. Ya karanga hakukubali hata kuionja. Alikisukuma kikombe kwa kidole. Akasema mtu wa ng'ombe hawezi kujifungia maziwa hivi hivi asubuhi, na kama mgeni akileta?

Dada akamrudishia soya, akasema sawa baba. Nilimuona tu anatabasamu kidogo akienda jikoni, nikadhani amechoka.

Siku zikapita, baba akapata nguvu, akaanza tena kukaa barazani na kuwasalimu watu. Halafu jioni moja simu yake ikalia. Alizungumza Kirundi kwa furaha, akacheka, akauliza habari za ng'ombe. Alipokata simu aliiweka mapajani, akasema rafiki yake anashuka kesho. Hakula chakula cha jioni hiyo.

Alfajiri dada akaniamsha nimenye karanga. Nilikuwa na hasira, wee! Baba anakwenda kujiua mbele ya macho yetu kwa ajili ya adabu, na huyu ananipa karanga. Nilimwambia nitampigia muzee mwenyewe, sasa hivi, yaishe. Akasema, "Menya kwanza." Nikamenya kwa kununa, nazirusha kwenye bakuli, na mimi ambaye karanga ikipita mbele yangu haifiki mbali, siku hiyo sikutia hata moja mdomoni, kwa kisirani tu. Yeye akazikaanga kidogo, akazitwanga, akazitia maji, akazichuja kwa kitambaa safi, akaweka tena motoni akikoroga polepole zisishike chini. Akaonja. Akaongeza chumvi kidogo. Yalitoka mazito, meupe ya kukaribia rangi ya samli, na harufu yake ilimfanya jirani atoke nje.

Akamimina kahawa ya baba, akaitilia, akampelekea pale kwenye kiti chake. Nilidhani atamficha. Hapana. Alisimama mbele yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, hiyo iko na karanga."

Baba akakitazama kikombe. Akamtazama dada, muda mrefu kweli. Mimi nikangoja akisukume kama mara ile. Akakiinua akanywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka mwisho. Kisha akampa kikombe, akasema murakoze, asante, mwanangu.

Mimi hata hapo sikuelewa, jamani. Nilikuwa bado nimenuna.

Rafiki yake alifika jua limeshapanda, amechoka na barabara, amepakata chombo chake amekifunga kwa kitenge. Ni muzee mwembamba, mrefu, mwenye tabasamu la mtoto. Walikumbatiana kwa namna yao, wakishikana mikono na mabega, amahoro, amahoro, habari za huku na za kule. Kisha akafungua kifuniko. Maziwa yalikuwa mpaka juu. Akamnyoshea baba kwa mikono miwili, na mimi nikamshika dada mkono.

Baba hakuyapokea. Aliinamisha kichwa.

"Mwenzangu, nisamehe," akasema. "Asubuhi nimekunywa karanga. Nikigusa hii leo, ng'ombe wetu ataumia."

Yule muzee akarudisha chombo kifuani haraka, akakifunika kwa kiganja. Hakukasirika hata kidogo. Uso wake ulikunjuka, akamshukuru baba. Alimshukuru! Kwamba yuko huku mjini, mbali na ng'ombe, katikati ya watu wa samaki, na bado anamchunga ng'ombe wao. Baba alikaa wima kitini kama siku zile za nyumbani. Nilimgeukia dada. Alikuwa anapanga vikombe, kana kwamba hayamhusu. Ndipo nikamuelewa, na nilitamani kumpigia magoti pale pale, kwa ajili ya kikombe kimoja cha kahawa.

Lakini maziwa yalikuwa pale, na maziwa yaliyoletwa hayarudi. Muzee akasema na yeye hatakunywa peke yake wakati mwenzake hanywi, apewe kahawa hiyo hiyo ya karanga. Alisema haraka, nikaona ajabu kidogo. Basi nani atayapokea kwa niaba ya nyumba? Dada alikuwa ameonja karanga jikoni. Wakanigeukia wote watatu. Baba akaniuliza kama nimekula karanga leo.

Nikajibu sijala. Kisirani changu kikanilipa hapo hapo. Nilipokea chombo kwa mikono miwili, nikanywa maziwa mabichi mbele ya wazee wawili wanaonihesabia kila funda, nikanywa mpaka nikahisi nimekuwa ndama. Na yalikuwa matamu, siwezi kudanganya. Yaliyobaki tuliyafunika yagande, kesho yake yakaliwa na nyumba ya jirani. Wazee wakaendelea na kahawa yao, wakiongea habari za majani na mvua, na baba akala mihogo na samaki mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Kabla ya kuondoka, baba alipokwenda kuchukua fimbo yake amsindikize mgeni, yule muzee alikuja nyuma jikoni tulikokuwa. Alisimama mlangoni, akatazama nyuma yake, akainama mpaka karibu na sikio la dada.

"Binti yangu," akasema, "unionyeshe namna unafanya hii ya karanga. Mimi pia maziwa yananishinda, tangu mwaka jana. Ninayanywa ili baba yako asisikie kama nimeacha ng'ombe wake. Usimwambie."

Dada hakushtuka, au alishtuka ndani kwa ndani kama kawaida yake. Alimkalisha kwenye kigoda, akamwonyesha yote kwa mikono, kukaanga, kutwanga, kuchuja, kukoroga, akamfungia karanga zilizobaki kwenye kitenge chake. Mimi nilikuwa naosha sufuria ambayo ilishakuwa safi, kwa sababu nilikuwa nalia.

Bado anashuka na chombo chake, na siku zile anazoshuka, wazee wote wawili wanakuwa wamekunywa karanga asubuhi, kila mmoja kwake. Maziwa nakunywa mimi. Dada hajamwambia baba, na mimi, na mdomo wangu huu unavyowasha, sijamwambia.

Juzi wakati gari la rafiki yake linaondoka, baba alisimama barabarani akipunga mkono mpaka likakata kona ya kupanda milimani. Akarudi kukaa, dada akamletea kahawa yake.

"Munamuona yule?" akasema baba, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Umri wetu ni mmoja. Yeye maziwa bado anayaweza."

"Anayaweza kabisa, baba," nikamjibu, na dada akamtilia karanga.