Siku Nilipomtia Kipusa Kwenye Tangi la Mjumbe

Nikiwasimulia hili msinicheke kwanza, nichekeni mwishoni, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, na mmoja ulikuwa ndani ya maji mpaka kwapani.

Mie na samaki wangu mnatujua. Sebuleni kwangu hapa Chamazi nina tangi la vioo refu kama kochi, limejaa mbuna, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, bluu na njano, wazuri kuwatazama ila wagomvi. Mkubwa wao namwita Mjumbe, kwa sababu hapiti mtu kwenye mawe yake bila kuulizwa anatoka wapi. Kaka Side aliyeniuzia pale Mwenge alinionya kabisa: "Mama, hawa usiwachanganye na samaki mpole wa mkia mrefu. Ukitaka kuongeza, ongeza wa ukoo wao, wa saizi yao, tena kadhaa kwa pamoja, na mawe uyapange upya ili kila mmoja ajione mgeni." Nikaitikia ndiyo, ndiyo (mie huwa naitikia sana nikiwa na haraka ya kuondoka).

Sasa mwanangu wa pekee, Festo, akasema Jumamosi anamleta mchumba wake, Neema, pamoja na shangazi wa huyo binti, waje watufahamu. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, huyu binti atupende, akubali wakae hapa hapa kwetu, kwenye vyumba viwili nilivyowajengea uani. Nikapika tangu asubuhi, nikaazima wigi la mdogo wangu, nikaita mawifi na majirani waje wamwone mkwe (kosa jingine hilo, kujiitia mashahidi).

Neema akaingia kwa heshima zote, "Shikamoo mama," goti chini, mkononi kashika kindoo chenye mfuniko. Ndani kuna samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mnene, mkia umetanda kama shela. Anaitwa Kipusa, kamlea tangu yuko chuo, na kwa kuwa Festo alimwambia mama anapenda samaki, basi kamleta awe wangu. Jamani, nilitaka kulia.

Pale ningesema asante mwanangu, nikamwacha Kipusa kwenye kindoo chake mpaka nimpigie Side. Lakini watu wote wananitazama, nikaona kumwacha kwenye ndoo ni kama kumwambia mgeni akae mlangoni.

"Mama, hawatamsumbua?" Neema akauliza taratibu.

"Hapa kwetu mgeni hasumbuliwi!" nikajibu kwa sauti, ili na shangazi asikie, nikammimina.

Mjumbe akaja, akamzunguka. Wifi yangu akasema, "Anamsalimia huyo," watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, na kinywa sijakifunga Mjumbe akang'oa kipande cha mkia. Wenzake kuona vile wakachomoka kwenye mawe yote, na Kipusa maskini hana mwili wa kukimbia, anajigonga tu kwenye kioo, upande ule ule aliosimama Neema. Natafuta wavu, wavu siuoni, nikapanda stuli, nikazamisha mkono na gauni langu jipya, nikaangusha mawe, maji yakamwagikia sinia la pilau na viatu vya shangazi, nikainama zaidi, wigi likadondoka tangini, na Mjumbe akaacha kila kitu akalivamia wigi. Majirani wakashindwa kujizuia. Mie niko juu ya stuli, kichwani misuko ya twende kilioni ya wiki tatu, naomba ardhi ipasuke.

Neema hakucheka. Alikunja mkono wa blauzi yake, akamtoa Kipusa kwa viganja, akamrudisha kwenye kindoo, akakaa nacho mapajani mpaka wanaondoka. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu." Akasema, "Haina shida, mama," na hakutamka neno baya hata moja, ndicho kinachoniuma. Getini shangazi yake akanishika mkono kwa upole kabisa.

"Tulikuja kuiona nyumba," akasema. "Tumeiona."

Kipusa alikufa Jumatatu. Festo ndiye aliyenipigia kunipa habari, kisha akasema, "Lakini mama, si alikuuliza?" Aliniuliza kweli, na nilisikia vizuri, ila nilikuwa najibu kwa ajili ya watu waliokaa kwenye makochi.

Walioana, namshukuru Mungu, lakini wamepanga Kigamboni. Wakija Jumapili Neema ananipa shikamoo yake, goti chini kama siku ile, kisha anachagua kiti kilichoupa mgongo upande wa tangi. Mie nimeapa sitamtia tena samaki yeyote kwa Mjumbe bila kumuuliza Side, na nimenunua tangi dogo, nimeliweka pembeni na mawe yake na maji yake safi, mgeni akija apumzike humo kwanza. Nalisafisha kila Jumamosi, halafu nakwenda uani kufagia vile vyumba viwili. Tangi na vyumba, vyote bado vitupu.