Sauti Iliyotangulia Saza

Makene alimpa Mwasiti habari akiwa ameegemea mlango wa gari lake la matangazo, injini inaunguruma.

"Mwasiti, kuanzia Jumatatu pumzika kwanza. Nikikuhitaji nitakuita."

"Nipumzike nimechoka nini, bosi?"

Makene aliingia ndani, akabonyeza redio, na kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya gari ikatoka sauti ya Mwasiti mwenyewe: "Wana Tunduma, magodoro yamefika!" Wiki iliyotangulia alikuwa amemrekodi, akisema ni ya majaribio tu. Sasa sauti ilikuwa kwenye flashi, na flashi haiombi chakula cha mchana wala haiugui kifua. Gari likashika njia ya mtaa wa Sogea likinadi magodoro, mwenye sauti akabaki amesimama kwenye vumbi.

Ilikuwa mwaka 2013. Mwasiti alikuwa na miaka thelathini na minne, mke wa Hamis fundi matairi, mama wa binti mmoja aliyekuwa akisoma bweni. Baba yake alikuja Tunduma na malori kutoka Ujiji, akaoa hapohapo na kuzikwa hapohapo. Kazi ya kutangaza ndiyo pekee aliyowahi kuipenda. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na ukishaisikia inakukaa masikioni.

Siku zilizofuata zilikuwa za kiguu na njia. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alikwenda sokoni bila haja, akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kuulizia bei ya sukari ambayo hakuitaka, akarudi. Hamis akimwambia akae, alikaa, kisha kabla chai haijapoa alikuwa ameshainuka. Mahali alipotulia palikuwa saluni kwa jirani, maana pale wanawake walimwomba asimulie. Alikuwa na hadithi moja aliyoitunga mwenyewe, ya mke aitwaye Zuhura ambaye mumewe alivuka mpaka kwenda kutafuta spea ya lori na asirudi. Kila siku aliirefusha.

"Ungeirekodi hiyo, dada," alisema mteja mmoja akiwa na povu kichwani. "Uiweke YouTube. Watu siku hizi wanapata kazi kwa mambo hayo."

Ilisemwa kama mzaha. Mwasiti aliondoka pale bila kuaga.

Alikuwa na simu ya kugusa iliyopasuka kioo. Kurekodi kulikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kupata kimya. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kuu, na malori yaliyopanga foleni ya forodha yalipiga honi kutwa. Alijaribu jikoni, kuku wakaingilia. Mwisho akahamisha nguo, akaingia kwenye kabati, akajifunika blanketi na kuanza kusimulia huku jasho likimtiririka.

Hamis alimkuta humo.

"Mama Rehema, unaongea na kabati?"

"Funga mlango, Baba Rehema. Umeniharibia."

"Nimeharibu nini?"

"Zuhura alikuwa analia."

Hamis aliufunga mlango taratibu, akakaa nje kwenye kiti. Mtu aliyepita kuulizia pampu aliambiwa kwa mkono kwamba anyamaze.

Kupandisha sehemu ya kwanza kulimchukua asubuhi nzima kwenye intaneti kafe, mstari wa bluu ukitambaa na kukwama. Aliweka picha ya daraja iwe kava, akaupa ukurasa wake jina "Simulizi za Mpakani". Akafanya ya pili, ya tatu. Hapo ndipo adha halisi ilipoanza. Alichungulia simu akipika, akisali alikuwa akiiwaza, akiamka ndiyo ya kwanza kushikwa. Mara nyingine simu ilinasa mtandao wa Zambia bila yeye kujua ikamla salio lote, naye akalilia salio kama mtu aliyefiwa. Ilipofika sehemu ya nane, waliosikiliza hawakufika mia. Alijua pia kwamba nusu yao ni yeye mwenyewe.

"Acha kidogo," Hamis alimwambia. "Umekonda."

"Nikiacha nitafanya nini?"

Hamis alirudi kwenye matairi yake.

Jibu lililetwa na dereva wa Fuso aliyesimama kwa Hamis, nje ya nyumba, kuzibiwa tairi. Mwasiti alitoka ndani kumwuliza mumewe ufunguo wa kabati uko wapi. Dereva, aliyekuwa amechuchumaa kivulini, aliinua kichwa ghafla.

"Samahani mama. Rudia ulivyosema."

"Nimeuliza ufunguo."

"Wewe ndiye mama wa Zuhura!" Alisimama. "Mimi natoka Saza, kwenye dhahabu. Kule unapigwa kila kijiwe. Watu wanakwenda nawe mpaka shimoni."

Mwasiti alidhani anataniwa. Saza hakuwahi kufika, na mtandao wa kule, kwa alivyosikia, ulikuwa wa kupanda mlima. Dereva akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akabonyeza, na Zuhura akaanza kusema. Kabla yake, hata hivyo, kulikuwa na sauti ya mwanamume: "Kazi hii unaletewa na Watson Studio, Saza. Usiige."

Kesho yake alipanda gari mpaka Mbalizi, akaunganisha la Mkwajuni, na Mkwajuni akachukua bodaboda. Njia nzima alijitayarishia matusi. Alifika mwili umekuwa mwekundu kwa vumbi, akaingia mgahawani kunawa uso na kupata nguvu za kugombana.

"Naomba chai ya rangi na chapati mbili," alisema.

Meza ya jirani ilinyamaza. Mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. Yule mama aliyekuwa akikaanga chapati aligeuka na kijiko mkononi. "Sema tena," aliomba, na Mwasiti, bila kujua la kufanya, akasema tena: chai ya rangi, chapati mbili. Basi wakamzunguka. Wanaume wenye mchanga kwenye nyusi walitaka kujua kama yule mume alikuwa na mke wa pili Nakonde. Mmoja aliapa kwamba amebashiri tangu sehemu ya tatu. Chai yake ilipoa hajainywa.

Walimsindikiza kundi zima hadi kwa Watson. Ofisi ilikuwa kibanda cha mabati chenye sola juu, kompyuta moja, na watu wakisubiri na memori kadi zao kutiliwa nyimbo na filamu. Watson alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Umeniiba," Mwasiti alimwambia mbele ya wote.

"Nimekuchukua, ndiyo," alisema Watson. "Nakufuata Mkwajuni, nakupakua kwa bando langu, nakuleta hapa ambako intaneti haifiki. Ningekuomba wapi ruhusa? Sehemu nane zote hujataja namba ya simu hata mara moja."

"Na hilo jina lako mwanzoni?"

Hapo Watson aliinamisha macho. "Hilo nilikosea."

Mwasiti alitaka kuendelea kufoka lakini maneno yalimwishia. Kweli, hakuwahi kutaja namba. Alikuwa amesema na watu wiki zote zile pasipo kuwaachia mlango wa kumjibu. Waliafikiana kwamba Watson ataondoa jina lake, ataweka tangazo la Mwasiti na namba yake, na Mwasiti atampa kila sehemu mapema kabla haijapanda mtandaoni.

Alipokuwa akirudi kwenye bodaboda, mwanamke mmoja alimfuata. Aliitwa Nesta, mponda mawe, vidole vimekakamaa na kucha nyeupe kwa unga wa mwamba.

"Dada, nina neno. Usikasirike."

"Sema."

"Sehemu ya nane umeiharibu. Mume amerudi, Zuhura akamfungulia papo hapo. Wangu alirudi hivyohivyo. Nilimwacha nje na mvua inanyesha, nikamsikiliza mpaka akachoka kugonga, akakaa chini. Nilikuwa namsikia anapumua mlangoni. Wewe hayo yote umeyaruka."

"Ulimfungulia?"

"Wewe ndiye msimulizi," alisema Nesta, akarudi kwenye mawe yake.

Maneno hayo yalimkera Mwasiti zaidi ya wizi wa Watson. Nyumbani alimsimulia Hamis mambo yote ya Saza akicheka, ila habari ya Nesta alibaki nayo. Aliifuta sehemu ya nane, akairudia, akaifuta tena. Zuhura alibaki ndani, mume nje, mvua inanyesha, na sehemu ile ikawa ndefu kuliko zote bila mlango kufunguliwa. Ndiyo iliyomletea simu za kwanza. Walipiga kutoka Saza, Mkwajuni, hata Itumba, wengine wakimtukana mume, wengine wakimwombea msamaha kana kwamba Mwasiti ndiye mwenye ufunguo. Miongoni mwao alikuwamo muuza sola wa Mkwajuni, aliyetaka duka lake litajwe kabla ya hadithi. Alilipa. Baadaye wakaja wengine wawili.

Kufikia mwaka 2015 alikuwa amepanga chumba Chapwa, mbali na foleni, kuta amezibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Waliosikiliza mtandaoni sasa walikuwa maelfu, na waigaji walishatokea. Mmoja alijiita Mama Zuhura bila haya. Hamis alimnunulia kinasa sauti cha maana, akaacha kuuliza kama amekula.

Lakini Mwasiti mwenyewe hakutulia. Siku moja alimaliza sehemu mpya, akamsikilizisha mumewe. Hamis alifuta jicho kwa kiganja chenye grisi.

"Hii imetimia, Mama Rehema. Ipeleke."

"Pale anapocheka sipaamini," Mwasiti alisema, tayari ameshashika kitasa. "Nisubiri nje, nairudia."

Akafunga mlango.