Siku Tulizohamisha Antena Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masisi, nilikabidhiwa kiti kibovu, daftari na phonie, yaani ile redio ya mawasiliano ambayo vituo vyote vya milimani viliitegemea. Chef de poste, mkuu wetu wa kituo, mwanaume mfupi mwenye sauti ya padri, alinipa sheria moja tu.

"Mama, kwa phonie batu habasemi bote pamoja. Mwenye iko na haraka anaita 'break', unamupa njia, kisha unarudilia ule wa kwanza."

Kila kituo kilikuwa na namba yake ya kuitia. Mwezi wa pili, kwa uzembe wangu, niliandikia zahanati mbili namba moja. Huyu akiita, nilimjibu yule, na wote wawili wakanitukana hewani mbele ya watu. Nilirekebisha siku hiyohiyo, huku masikio yakiniwaka.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, ofisi ya elimu, chini ya Inspekta mmoja mpenda karatasi. Huko tulipewa kompyuta ya kubebeka, ordinateri kama tulivyoiita, yenye mfumo huria, maana yake mfumo ambao yeyote ana ruhusa ya kuufungua ndani na kuutengeneza. Ubavuni ilichomekwa kadi ya modemu, kifaa kinachogeuza maandishi kuwa sauti ya redio ili yasafiri kwa phonie. Wanaume wa ofisi waliiogopa. Mimi nilisoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, kamusi ya Kifaransa pembeni, na nikaizoea.

Basi mwaka mmoja Prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari ya Ntoto alifika kwa miguu akiwa na orodha ya wanafunzi wake wa mtihani wa Serikali. Mwisho wa kupokea majina ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Jina lisilofika, mwenye jina hafanyi mtihani. Mwaka wake umekwenda na maji.

Nilianza kuyatuma ofisi ya mkoa Jumatano. Majina kumi yakapita, kisha mashine ikawa kiziwi. Nikaizima, nikaiwasha, yakapita manane, kimya tena. Sisi watu wa phonie tuna ugonjwa wetu: likiharibika lolote, tunaihukumu antena. Tulihamisha mlingoti na kamba zake mara tatu katika shamba la maharagwe la Mama jirani, na mimi ndiye niliyekuwa naelekeza, kidole juu! Siku mbili zikaisha hivyo.

"Munanikanyangia maharagi juu ya kamba?" Mama alifoka. "Mungu anawaona!"

Ijumaa asubuhi Inspekta akachukua kalamu. "Tuandike rapport, tuseme haikuwezekana."

Prefe akasimama. "Inspekta, nitaambia bazazi nini? Balilima mihogo mwaka muzima juu ya hawa batoto."

Hapo nilikasirika, na hasira yangu ililenga kichwa changu mwenyewe. Mfumo ule huandika kila kinachoupata, na mimi sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Nikaketi, nikasoma.

Ndani ya kompyuta, kila kifaa kina namba ya kumkatiza prosesa, ubongo wa mashine, kinapohitaji kuhudumiwa. Ni "break" yake. Nikafungua orodha ya namba hizo, nikaona kadi ya modemu na kifaa cha mtandao usio na waya, yaani rezo, vimewekwa kwenye namba moja. Kile cha mtandao kilikuwa kinaita bila kupumua. Mfumo ulichoka na miito isiyo na mwenyewe, ukaifunga namba yote, na modemu ikafungiwa humohumo. Zahanati zangu mbili za Masisi! Nilicheka peke yangu hadi Inspekta akaniuliza kama ni mgonjwa.

"Nataka kuzima kifaa cha rezo, Inspekta."

"Unazima kitu ndani ya mashini ya Serikali?"

"Iko inatafuta rezo, na hapa rezo haiko. Ikinyamaza, nani atalia?"

Akatazama saa, akatazama Prefe. "Zima."

Niliandika mstari mmoja wa kuukataza mfumo usikiamshe kifaa kile, nikaiwasha mashine upya. Majina kumi. Ishirini. Prefe alikuwa akihesabu kwa vidole. La mwisho lilipopita, mkoani wakajibu kwa phonie kwamba orodha imepokelewa nzima, kabla ya saa kumi. Prefe alikaa chini sakafuni, kofia usoni, akalia. Mimi nilicheza, na viatu nilivua.

Sasa nimestaafu, na vijana mafundi huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia: kitu hakiwi na kosa kwa sababu tu kinaonekana kwa nje. Someni kwanza kile mashine inachosema. Huwa hawaridhiki, wanataka siri kubwa zaidi.

Matokeo yalipotoka mwaka ule, vijana wa Ntoto walifika ofisini wakiimba, weupe kwa poda, kama desturi yetu kwa aliyepata diploma ya Serikali.

"Mama wa ordinateri iko wapi?"

Msichana mmoja akanimwagia kopo zima la poda kichwani. Mimi shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, na diploma ile sijawahi kuishika. Siku hiyo nilipita katikati ya soko la Walikale, mweupe tangu nywele hadi mabega, akina mama wakinipigia vigelegele na kunipongeza kwa kufaulu, na sikumwambia hata mmoja kwamba amekosea.