Nilimficha Mume Wangu Siku Mbili za Mtoto Wetu

Admin, assalaam alaikum. Naomba unifichie jina langu, kijijini kwetu tunajuana sote.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Uroa, na niko kwenye ndoa mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni mzungu aliyesilimu, nitamwita Yusuf. Tulijuana wakati nafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Kiwengwa, yeye kaja kukimbia baridi ya kwao. Ni fundi wa mapaa. Theluji ikianguka huko kazi inasimama, na ziwa linaganda barafu mpaka watu wanatembea juu yake kwa miguu. Akaja mwaka wa pili, akaja wa tatu, akaenda kwa ami yangu kuniposa kwa adabu zote.

Tangu tuoane maisha yetu ni hayo hayo. Anakuja Disemba, anaondoka Aprili kwenda kutayarisha boti, na anayemuondosha ni samaki. Kuna samaki wa ziwani huko kwao anawaita besi. Serikali yao hairuhusu kuwavua mpaka ifike siku ya kufungua ziwa, mwezi wa Juni, kama sie tunavyofunga miamba pweza wasivuliwe mpaka wakue. Mume wangu hanywi, havuti, na sijamjua na mwanamke mwengine. Ana besi. Miezi yote anayokaa kwangu anashinda barazani na sanduku lake, anapangusa ndoano, anapanga visamaki vya plastiki vya rangi rangi. Kaka yangu ni mvuvi, humwambia, "Shemeji, twende tukavue samaki wa changu, bahari si hii hapa?" Yeye hucheka tu. "Si sawa, shemeji. Si sawa kabisa."

Jikoni alitundika kalenda, na kila akimaliza chai ya asubuhi anakata siku moja kwa kalamu. Mwaka wa kwanza nilidhani anahesabu siku zilizobaki za kukaa na mie, nikaona raha. Kumbe anahesabu zilizobaki mpaka ziwa lifunguliwe.

Miaka miwili ya mwanzo nililia gari ilipomchukua kwenda uwanja wa ndege. Wa tatu sikulia. Siku hizi akishatoka natandua kitanda, nafua mashuka, naanika. Moyo ulikufa ganzi taratibu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mwaka huu, baada ya kungoja sana, nikapata mimba. Aprili ilipofika nilikuwa na miezi minne. Begi lake liko mlangoni, akaniambia, "Ukisema nikae, nakaa."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye begi.

"Nenda tu, Yusuf. Huyu ni mtoto wa Septemba."

"Nitarudi kabla hajazaliwa. Tiketi nshakata." Akanibusu kwenye paji la uso, akatoka mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mtoto hakuisubiri Septemba. Uchungu ulinishika asubuhi moja ya Juni, mama na kaka wakanikimbiza hospitali mjini. Akazaliwa mwanamume, mdogo, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja changu. Alilia. Sauti ndogo, lakini nilimsikia. Ami akamuadhinia sikioni, tukampa jina Idrisa, wauguzi wakamuweka kwenye mashine ya joto. Daktari akasema tumuombee Mungu.

Kaka akaniuliza, "Nimpigie shemeji?"

"Usimpigie. Ntampigia mwenyewe."

Sikumpigia. Ndugu zangu, hapa ndipo penye kosa langu. Simu ilikuwa mkononi, ina chaji, ina salio. Siku ya pili mchana ikaingia picha yake. Yumo kwenye boti, kamshika samaki kwa mikono miwili, anacheka meno yote nje. Ziwa limefunguliwa siku hiyo. Ameandika, "Wa kwanza! Wewe na mtoto hamjambo?"

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mwanangu nikimtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Nikamjibu mume wangu, "Hatujambo. Mashallah, samaki mkubwa."

Magharibi haijaadhiniwa, Idrisa akafariki. Tukamzika Uroa.

Siku ya tatu ndipo nilipompigia. Nikamwambia mtoto kazaliwa kabla ya wakati, kazaliwa tayari amekufa. Alilia kama mtu aliyepigwa. Akauliza, "Nije?"

"Uje kufanya nini? Kashazikwa."

Nikakata simu, nikaenda kupepeta mchele. Hakuja.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unamlipizia?" Wallahi sijui. Ningekuwa na hasira ningejua. Wanawake waliokuja kunipa pole walilia, mie niliwamiminia chai. Mpaka leo sijalia.

Sasa ameandika kwamba ziwa limeanza kuganda barafu, wiki mbili zijazo atafika. Anataka nimpeleke kaburini. Na ameuliza kama mtoto tulimpa jina. Uroa nzima inajua kwamba Idrisa aliishi siku mbili, yeyote anaweza kumwambia wakati anapewa pole.

Mama anasema, "Mwambie wewe kabla hajayasikia kwa watu." Kaka anasema ninyamaze, tutawaomba majirani watustiri, kwani akijua atanipa talaka na haki atakuwa nayo. Talaka siiogopi. Ninachokiogopa ni kwamba ataniuliza kwa nini, na sina la kumjibu. Alisema angekaa, mie nikamwambia nenda. Aliniuliza hamjambo, mie nikamwambia hatujambo. Mtu huyu nimlaumu kwa lipi?

Ujumbe wake uko hapa, leo siku ya nne, sijaujibu. Anauliza jina tu. Nyie mngekuwa mie, mngemwandikia nini?